Poti ya Mwisho pale Mbale

Shule niliiacha mapema, na sitaki mtu anihurumie kwa hilo. Kusoma nilijifunza jeshini, katika kikosi cha simu, na lugha niliyosomea ni hiki hiki Kiswahili ninachoandika. Kwetu wengi hawakipendi. Wanasema ni lugha ya kizuizi barabarani, lugha ya "toa kitambulisho, lala chini." Sawa. Mimi kilinipa kazi. Ndani yake nilijifunza kupanda nguzo, kuchuna waya, kuunganisha jozi na jozi kwa vidole tu bila taa, na nilipovua magwanda nilitoka na ujuzi ambao hakuna aliyeweza kunivua.

Miaka ya tisini ilinikuta Jinja, katika kampuni moja ya kununua kahawa. Ofisi kuu na kinu vilikuwa Jinja. Ghala kubwa lilikuwa Mbale, maana kahawa yenyewe inashuka kutoka mlimani kule. Mimi nilipanga chumba Bugembe, kando ya barabara kuu, ambapo malori ya Wakenya yalikuwa yakipita kitanda kinatetemeka. Mke wangu na watoto walikuwa Mbale, Namakwekwe, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Kwangu nilikuwa nafika mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine ulipita sikufika.

Mke wangu si mtu wa machozi. Alikuwa anauza karanga na maharagwe sokoni, na akisema jambo analisema mara moja. Safari moja nilikuwa nafunga viatu nirudi Jinja, akasimama mlangoni na beseni kiunoni.

"Baba watoto, mwanao mdogo aliniuliza jana kama wewe ni mjomba."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia akuulize mwenyewe. Hakukuuliza. Anakuogopa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Tafuta kazi hapa," akasema. "Yule jogoo unamwona? Siku utakayorudi na kazi ya hapa, ya kudumu, nitamchinja, na firigisi utakula wewe. Lakini usikawie. Mimi nimeanza kuzoea kukaa bila mume. Nikishazoea kabisa, usije ukanilaumu."

Asiye wa kwetu aelewe: firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Unaweza kumpa mgeni paja, ukampa mgongo, ukamjazia mchuzi mpaka ukingoni. Firigisi ina mwenyewe. Nilipanda gari kurudi Jinja na maneno yale yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Haukupita muda, kampuni ikanunua kompyuta kubwa, ikaiweka Jinja katika chumba chenye kipoza hewa. Injinia wake alikuwa kijana aliyesomea ng'ambo, mpole, anayesema tafadhali hata kwa mlinzi. Sina baya la kusema juu yake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Meneja mkuu alituita wote wawili. Alitaka ghala la Mbale liione kompyuta ya Jinja, gunia likipimwa kule, huku lionekane. Akanigeukia mimi.

"Wewe si ndiye wa kule?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi ufunge huo mtambo. Ukishakaa sawa, Mbale tutahitaji mtu wa kuukalia. Nitamtafuta wapi mwingine?"

Hayo ndiyo aliyosema. Sijayaongezea chumvi. Mimi nikayapokea kama amri ya jeshi. Katika kikosi cha simu tulifundishwa kwamba kituo hakiachwi bila mtu. Unaweza kufa kwa njaa, unaweza kunyeshewa, lakini kwenye ncha ya waya lazima awepo mtu. Kwa hiyo nilipoambiwa Mbale kutakuwa na mtambo, kichwani mwangu nilisikia kwamba Mbale kutakuwa na mimi.

Nieleze kidogo ulivyokuwa, kwa ajili ya vijana wanaodhani mambo haya yaliota kama uyoga. Watu wa simu walitupa laini ya kukodi. Hiyo ni jozi ya waya inayotoka Jinja mpaka Mbale, ni ya kwenu peke yenu, haina namba, hailii, haipigiwi. Iko wazi usiku na mchana, kama bomba. Kila upande unaweka modemu, kisanduku kinachogeuza maneno ya kompyuta kuwa sauti ili yapite kwenye waya wa simu, na upande wa pili kingine kinaigeuza sauti kuwa maneno tena. Pale Mbale tulifunga pia sanduku bapa la chuma, wao wanaliita seva ya terminali. Nyuma lina matundu ya plagi yaliyojipanga mstari, kila tundu linaitwa poti. Poti ya kwanza inachukua modemu ya laini ya kukodi. Zinazofuata zinachukua terminali, yaani skrini na kibodi visivyo na akili yao wenyewe: moja ya mpima mizani, moja ya mhasibu, moja ya meneja wa ghala. Poti ya mwisho ilibaki tupu. Niliiziba kwa plasta vumbi la kahawa lisiingie.

Nyaya zote nilichomelea mimi, pini kwa pini. Waya wa kwenda kwenye modemu unapita wima, pini na mwenzake. Waya wa kwenda kwenye terminali lazima upishane, mdomo wa huyu ukutane na sikio la yule, la sivyo wanabaki wote wanasema na hakuna anayesikiliza. Injinia alinionyesha mara moja, nikashika.

Siku ya kuwasha, skrini ya mpima mizani ilitapika herufi, alama za kuuliza, vistari, takataka tupu. Mpima mizani, Mkenya mmoja mnene aliyekuwa dereva zamani, akaegemea mezani.

"Afande, hiki ni Kijerumani?"

"Ngoja."

"Mimi nangoja. Ila gunia hili linasema linataka kurudi mlimani."

Nikamwita Injinia kwa simu, alikuwa Jinja. Akaniuliza kasi ya poti, akaniuliza kasi ya terminali. Hazikulingana. Nikairekebisha ya terminali, skrini ikatulia, na mstari wa kwanza ukajiandika wenyewe kutoka Jinja, taratibu, herufi moja moja. Mkenya yule akavua kofia. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya ghala. Sijui kama mwanamume anaruhusiwa kusema hivi, lakini nilijiona mrefu.

Wakaniambia nibaki Mbale kwa majaribio. Basi nikawa nalala kwangu.

Umeme wa siku zile mnaukumbuka. Unakatika ukiwa umeinua kijiko, unarudi ukiwa umesahau. Kila ukirudi, poti zilikuwa zinaganda na modemu ya laini ya kukodi inakosa mwenzake wa Jinja. Nami nilijua mpangilio wake. Kwanza modemu, ungoje taa ya kijani ikae. Halafu sanduku. Halafu terminali, moja baada ya nyingine. Ukianza na terminali umekwisha. Watu walikuwa wakiita "Afande! Afande!" kabla hata feni haijaanza kuzunguka. Nilikuwa mtu wa kuitwa.

Na nyumbani mwanangu mdogo alianza kunikaribia. Kwanza alisimama mbali, akichungulia viatu. Halafu akawa ananibebea mfuko wa vyombo vya kazi kutoka kwenye kona mpaka mlangoni, ingawa ulimlemea. Jioni moja nilimsikia akimwambia mtoto wa jirani, "Baba yangu anaamsha kompyuta." Mke wangu alikuwa anapepeta karanga, naye akasikia. Aliniwekea maji ya kuoga bila mimi kuomba.

Nikamwuliza, "Na jogoo je?"

"Jogoo anangoja kazi ya kudumu. Majaribio hayachinjiwi."

Jogoo mwenyewe alikuwa anapita mbele yetu kama mwenyekiti wa kijiji.

Halafu Injinia akaja kutoka Jinja na modemu nyingine kwenye mfuko. Akaipapasa plasta yangu kwenye ile poti ya mwisho, akaibandua kwa kucha.

"Mzee, hapa tutaweka modemu ya kupigiwa simu. Laini ya kukodi ikilala, mimi nitapiga namba ya ofisi hii kutoka Jinja, modemu itajibu yenyewe, nami nitaingia kwenye sanduku nizizindue poti nikiwa kule kule."

"Bila mtu hapa?"

"Bila kumsumbua mtu," akasema. Alikuwa anadhani ananisaidia.

Nikachomelea waya. Wima, pini na mwenzake. Sasa sikiliza balaa lililokuwepo. Ghala lilikuwa na laini mbili tu za simu za kawaida. Moja ilikuwa ya meneja wa ghala, na hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa. Nyingine ilikuwa ya karani wa mapokezi, mama mmoja mtu mzima, Mgisu wa mlima ule ule, ambaye namba yake ilijulikana mlima mzima. Wakulima walikuwa wanatembea mpaka kwenye kituo cha biashara kumpigia: mtoto amefariki, hatutaleta kahawa; mvua imekata barabara; mtafutie fulani nafasi ya kulala. Modemu iliwekwa kwenye laini yake, na simu yake ikabaki hapo hapo mezani. Na yule mama hakuwahi katika maisha yake kuiacha simu ilie. Kwake simu inayolia ni mtu amesimama mlangoni, na mtu hasimamishwi mlangoni.

Umeme ukakatika, ukarudi. Injinia akapiga kutoka Jinja. Mama akanyakua.

"Mulembe!" akasalimu kwa Kigisu.

Akasikiliza, uso ukabadilika. Akanipungia mkono. "Afande, njoo upesi. Kuna mtu ameumia huko Jinja. Anapiga mayowe, hasemi lugha yoyote."

Mara simu ya meneja ikalia, ni Injinia. "Mzee, nani anaisalimu modemu yangu?"

Tulicheka siku ile. Mkenya wa mizani alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Nikaiweka modemu ijibu upesi zaidi, mlio wa kwanza tu. Mama akawa anaunyakua mlio ukiwa nusu. Alikaa na mkono juu ya simu kama mtu anayewinda panzi. Nikamweleza.

"Mama, ikilia iache. Ni mashine inaitwa."

"Nitajuaje ni mashine? Ikiwa ni msiba?"

"Iache tu."

"Afande, mimi siwezi. Wewe ungeweza?"

Basi ikawa hivyo. Umeme unakatika, Injinia anapiga, mama anajibu "Mulembe," Injinia anakata tamaa, mimi naitwa nazindua poti kwa mkono. Wiki zikapita. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa nalala kwangu, na majaribio yakizidi kuwa marefu yanageuka kuwa kazi.

Siku moja Injinia akanipigia kwenye simu ya meneja. Hakuwa na hasira. "Mzee, nakuomba, iondoe ile simu ya mama. Laini iende moja kwa moja kwenye modemu. Vinginevyo kazi yetu haijakamilika, nami bosi ananiuliza."

Nilichukua koleo na bisibisi, nikaenda mapokezi. Mama aliniona, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akaweka kiganja juu ya simu.

"Umekuja kuitoa."

"Ni amri."

"Afande, keti kidogo." Sikuketi. Akashusha sauti. "Simu hii ikiwa hapa, wewe unaitwa. Ukiitoa, nani atakuita? Huoni?"

Niliona. Msidhani sikuona kwa sababu sikusoma. Niliona vizuri kabisa nikiwa nimeshika koleo, na nikakata. Sijawahi kuacha kazi ikining'inia, si kwa hasara yangu wala kwa faida yangu. Niliyoyafunga mimi yanafanya kazi. Wakulima wakipiga watakutana na mayowe, hilo watalijibu wao walioamuru. Nami nilikuwa na neno la meneja mkuu: tutahitaji mtu wa kuukalia. Mtu mzima hukumbuka alichosema.

Mama aliichukua simu yake iliyokatwa mkia, akaiweka kwenye droo, akafunga.

Meneja mkuu akaja Mbale kwa gari kuona mtambo. Tulisimama wote pale: yeye, meneja wa ghala, Mkenya wa mizani, mama. Injinia alikuwa Jinja. Meneja mkuu akaamuru swichi kubwa izimwe, halafu iwashwe. Skrini zikaganda kama kawaida. Mguu wangu ulipiga hatua wenyewe kuelekea kwenye sanduku.

"Hapana, hapana," akasema, akaninyooshea kidole kama mtu anayezuia mbwa. "Acha tuone."

Tukasubiri. Taa za modemu ile ya mwisho zikaanza kuchezacheza. Ikalia ile sauti yake ya kukwaruza bati, hakuna aliyeisalimu. Halafu skrini ya mizani ikaamka. Ya mhasibu ikaamka. Ya meneja ikaamka. Hakuna aliyegusa kitu. Meneja mkuu akapiga makofi, na wengine wakapiga. Hata mimi mikono yangu ilipiga, maana ilikuwa kazi safi, na ilikuwa yangu.

Akanishika bega. "Mzee, hongera. Sasa hapa hatukuhitaji tena. Rudi Jinja, kuna matawi mengine yanakungoja. Tororo, Soroti, kote tufunge hivi hivi."

"Bwana, ulisema Mbale patakuwa na mtu."

Akacheka kidogo, akiwatazama wengine. "Wa kufanya nini? Si umeona mwenyewe?"

Ningefukuzwa ingekuwa nafuu. Mtu aliyefukuzwa anaenda kwake. Mimi nilisifiwa, nikapewa gari la kampuni mpaka Jinja. Na Mbale ya miaka ile haikuwa na kazi nyingine ya waya, na watoto walikuwa shuleni. Nilipita nyumbani kuchukua nguo. Mke wangu alinitazama nikikunja shati.

"Mtambo umeharibika?"

"Umekaa sawa."

"Ndiyo," akasema. Akatoka kwenda kuwafukuza kuku kwenye karanga.

Nilirudi Bugembe, kwenye kitanda kinachotetemeka. Nikafunga Tororo, nikafunga Soroti, nikafunga kwingine mpaka mikono ilijua kazi bila mimi. Kila mahali nilimkuta mtu pale, aliyekuwa na matumaini kama yangu, ananiletea chai, ananiuliza mtambo huu utahitaji mtu wa kuukalia? Nilikuwa nawajibu, "Kunywa chai." Halafu nachomelea waya wa poti ya mwisho. Sikumdanganya mtu hata mmoja, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Nyumbani nilikuwa nafika mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa miezi. Yule jogoo hakuchinjwa. Alizeeka, akafa kwa ugonjwa wa kuku, mke wangu alinieleza hivyo kama mtu anayesimulia habari za redio.

Kazi ilipokwisha mikononi mwangu, kampuni ikiwa imeshapata vyombo vipya visivyotaka waya wa kuchomelea, nilirudi Namakwekwe na mzigo wangu wote. Nilikuwa nimetuma salamu kwamba safari hii nakuja kukaa. Nilipoingia, mke wangu alisema, "Karibu," akanipangusia kiti kile cha mbao chenye kitambaa, tunachowawekea wageni. Jioni akachinja kuku. Nilisikia harufu ya mchuzi wa karanga nikasema moyoni, haya, amekumbuka.

Akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Akaniwekea sahani nzuri, ile yenye kifuniko. Nikafunua. Paja, na mgongo, na mchuzi mpaka ukingoni. Mwanangu yule mdogo, mtu mzima sasa, ana duka la vyuma na ndiye aliyeezeka upya paa la nyumba ile, alikuwa ameketi upande wa pili, anakula polepole huku akimwuliza mama yake habari za soko. Firigisi ilikuwa kwenye sahani yake. Hakuitafuta wala hakuishangaa. Ilikuwa inakaa pale siku zote.

"Kula, mzee," akaniambia kwa heshima. "Umetoka mbali."

Nikala. Kuku alikuwa ameiva vizuri.